Kuiacha lethi ikate usiku peke yake: mwongozo kamili kwa karakana ndogo

Asubuhi moja nilifungua karakana yangu hapa Kisumu, kando ya barabara ya Kibos, nikakuta sanduku lina pini 74 za trela za miwa. Pini 11 za kwanza zilikuwa safi. Zile 63 zilizofuata zilikuwa nene kupita kipimo, uso wake umekwaruzwa kama ganda la nanasi. Tipu, yaani ile ncha ngumu ya kisu inayokata chuma, ilikuwa imemeguka kwenye pini ya 12, na kwa kuwa lethi, yaani mashine ya kukereza, haikuwa na njia yoyote ya kulijua hilo, iliendelea kusugua chuma hadi alfajiri.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimetumia miezi miwili kuifunza mashine kuendelea, na sikutumia hata wiki moja kuifunza kusimama. Mwongozo huu nimeupanga kwa utaratibu ambao ningeufuata kama ningeanza upya leo. Unamfaa mwenye lethi moja au mbili za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta, hata zikiwa za mtumba, anayetaka ziendelee kukata baada ya mafundi kwenda nyumbani.

Watu wakisikia habari za mashine kufanya kazi bila mtu, mawazo yao huenda kwenye roboti. Ni kweli kwamba huko Japani kampuni ya FANUC imekuwa na kiwanda ambamo roboti huunda roboti nyingine gizani tangu 2001. Karakana yako haihitaji kufika huko. Saa nne za ziada kila jioni, bila chuma kuharibika na bila mtu kuumia, zinatosha kubadilisha hesabu ya mwezi.

Hatua ya kwanza: chagua kazi ambayo imeshakuchosha

Kazi ya usiku si kazi mpya. Ni ile ambayo umeikata mchana mara nyingi hadi unajua sauti yake. Kwangu mimi ni pini na bushi za trela zinazobeba miwa kwenda viwanda vya Muhoroni, Chemelil na Kibos. Umbo ni rahisi, zinahitajika nyingi, na mteja hudai zile zile kila msimu.

Chuma kiwe kipya na kitoke kwa muuzaji mmoja. Mchana sote hukereza shafti kuukuu za magari, na hakuna ubaya, maana mkono wa fundi uko karibu. Lakini chuma chakavu kina sehemu zilizochomwa zikawa ngumu, na tipu ikigonga sehemu hiyo saa nane usiku hakuna wa kuisikia. Usiku mimi hukata EN8 mpya, yaani chuma cha kaboni ya wastani, au shaba ya bushi, basi.

Angalia pia kipimo kinachotakiwa. Chuma hutanuka takriban mikromita 12 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Skrubu ya mashine yenye urefu wa nusu mita ikipoa nyuzi 10 hubadilika kwa milimita 0.06. Karakana zetu nyingi ziko chini ya mabati: saa tisa alasiri ni tanuri, saa tatu usiku upepo wa ziwa umeshapita. Kwa hiyo usipime pini ya kwanza saa kumi jioni ukadhani kipimo hicho kitadumu. Iache mashine izunguke tupu dakika 20, anza kukata joto la jengo likishatulia, na kazi yenye kipimo kikali chini ya milimita 0.02 iache kwa ajili ya mchana hadi uijue tabia ya mashine yako.

Hatua ya pili: hesabu fimbo, ndipo ujue usiku wako una saa ngapi

Chukua pini ya kipenyo cha milimita 30 na urefu wa 60. Ongeza milimita 3 za kisu cha kukatia kipande na 1 ya kusawazisha uso, unapata 64. Fimbo ya mita 1.2 ikiacha kipande cha 120 ndani ya chaku (taya zinazoibana fimbo), zinabaki milimita 1,080. Hizo ni pini 16. Kila moja ikichukua dakika 6, fimbo moja inakupa saa moja na dakika 36.

Ukiwa na kivuta-fimbo tu, yaani kile kikucha kidogo kinachofungwa kwenye tareti (kichwa kinachobeba visu) na kuvuta chuma nje ya chaku, hiyo ndiyo mipaka yako: saa moja na nusu. Ni mahali pazuri pa kuanzia na gharama yake ni ndogo. Ukitaka kufika asubuhi unahitaji kilishio chenye rafu ya fimbo, yaani kifaa kinachosukuma fimbo mpya chenyewe. Fimbo 10 zitakupa pini 160, sawa na saa 16.

Hapa nisisitize jambo moja ambalo limevunja watu mikono katika nchi nyingi: fimbo isitokeze nje nyuma ya spindo (ekseli inayozungusha chaku) bila mhimili. Ikizunguka kwa mizunguko 1,700 kwa dakika, ncha iliyo wazi hujipinda ghafla na kuchapa kila kilicho karibu. Kata fimbo ziishie ndani ya spindo, au tumia kilishio kinachozishika urefu wote.

Hatua ya tatu: ifunze mashine kusimama

Hapa ndipo uweke muda wako mwingi.

Anza na tipu. Punguza kasi. Mhandisi Mmarekani Frederick Taylor alionyesha mwanzoni mwa karne iliyopita kwamba kasi ya kukata na maisha ya kisu vimefungwa pamoja kwa hesabu, na kwa tipu za kabaidi mabadiliko madogo ya kasi huleta tofauti kubwa ya maisha. Mchana nakata EN8 kwa mita 200 kwa dakika. Usiku nashuka hadi 160, yaani asilimia 20 chini, na tipu huishi takriban mara 2.4 zaidi. Kila pini huchelewa kidogo, lakini hakuna anayeisubiri.

Kisha tafuta kikomo halisi. Mchana, ukiwa umesimama pale, kata kwa kasi ile ile ya usiku hadi tipu ichoke kabisa na uandike idadi. Tuseme ni pini 70. Usiku mpe tipu huyo kazi ya nusu tu, pini 35. Katika kontrola (kompyuta ya mashine) za FANUC na zinazofanana nazo, vigeu, yaani nafasi za kuhifadhi namba, kuanzia #500 havifutiki stima (umeme) ikizimwa. Tumia #501 kama kihesabio: kila pini ikimalizika kiongeze 1, na kikifika 35 programu ihamie tipu pacha uliyoifunga kwenye nafasi nyingine ya tareti. Pacha naye akimaliza zamu yake na hakuna wa tatu, programu iite alamu kupitia #3000 na mashine isimame. Hakikisha kontrola yako ina ruhusa ya makro (uwezo wa kutumia vigeu hivyo ndani ya programu) kabla ya kupanga haya, kwa sababu mashine nyingi za mtumba huja ikiwa imefungwa.

Sasa mzigo wa spindo. Karibu kila mashine ya CNC huonyesha mzigo kwa asilimia. Ukiwa na tipu mpya, andika mzigo wa kila hatua ya kazi kwa pini kumi. Weka kikomo cha juu, tuseme theluthi moja zaidi ya kawaida. Halafu weka kikomo cha chini, na hiki ndicho wengi husahau. Mzigo ukishuka ghafla karibu na sifuri wakati mashine inapaswa kuwa inakata, maana yake fimbo imeisha, kipande kimechomoka, au ncha ya kisu haipo tena. Ningekuwa na kikomo cha chini usiku ule, mzigo wa kisu cha kukatia umbo ungenionya mapema.

Biti za kutobolea zihesabie kando. Biti nyembamba huvunjika bila mzigo kubadilika sana, kwa hiyo kila baada ya kutoboa ielekeze mashine iguse ncha ya biti kwenye swichi ndogo kwa amri ya G31. Swichi isipoguswa, simama.

Mwisho wa hatua hii, vitu vya kawaida: shinikizo la hewa au mafuta linalobana chaku likishuka, chaku hulegea, kwa hiyo swichi ya shinikizo iweze kusimamisha programu. Boya kwenye tangi la maji ya kupozea lifanye vivyo hivyo. Na swichi ya mlango isizibwe kwa sumaku wala waya. Nimeingia karakana ambamo ilikuwa imezibwa kwa miaka, na siwezi kumshauri mtu mwenye mazoea hayo aiache mashine yake peke yake hata kwa dakika tano.

Hatua ya nne: maranda ya chuma na maji

Ukiwauliza waliojaribu kazi ya usiku wakashindwa, wengi watakuambia ni maranda. Utepe mrefu wa chuma hujizungusha kwenye kisu, ukaziba njia ya maji, ukabeba pini iliyokatwa na kuirudisha kwenye chaku. Mchana fundi husimamisha na kuuvuta kwa kulabu. Usiku utepe hukua.

Dawa ni kuyavunja. Tumia tipu yenye mfereji wa kuvunjia maranda unaolingana na kina unachokata, na ongeza mwendo wa kisu, yaani umbali kinaosogea kwa kila mzunguko. Wengi wetu tumezoea milimita 0.1 kwa mzunguko kwa sababu uso hutoka laini, lakini kwa EN8 hapo ndipo tepe ndefu huzaliwa. Panda hadi 0.2 au 0.25 katika kukata kwa kwanza, ulete ulaini kwenye mpito wa mwisho. Maranda mazuri yanafanana na tarakimu 6 na 9. Ukiona nyuzi kama za kamba, kazi hiyo bado haijaiva kwa usiku.

Kuhusu maji ya kupozea, yaani maji yaliyochanganywa na dawa: pima ukali wake kwa refraktomita kila jioni na uyaweke kati ya asilimia 6 na 8. Katika joto letu maji huvuka na dawa hubaki, kwa hiyo ukali hupanda wenyewe. Ongezea mchanganyiko mwepesi badala ya ule mzito. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko kwenye mashine na kuvunja mchanganyiko. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri kwenye tangi ni laini na hufaa sana. Ondoa mafuta yanayoelea juu kabla ya wikendi, la sivyo Jumatatu utaikuta karakana inanuka mayai yaliyooza.

Hatua ya tano: stima na radi

Mtu wa magharibi mwa Kenya hahitaji kuambiwa habari za radi. Kuanzia Kisii hadi Kakamega, mawingu hujikusanya alasiri na kupasuka jioni. Kwa sababu hiyo siwashi kazi ya usiku mpaka mvua ya jioni ipite, hasa kati ya Machi na Mei.

Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, akufanyie mambo manne. Apime athi na kuiboresha. Afunge kinga ya radi kwenye bodi kuu. Aweke rilei inayokata mashine fezi moja ikipotea au volti za 415 zikipanda au kushuka kupita kiasi. Na la nne, ambalo ndilo la maisha na kifo: stima ikirudi, mashine ibaki imezimwa. Kontakta iwe ya aina inayohitaji mkono wa mtu kuiwasha tena. Hutaki spindo au pampu iamke yenyewe saa kumi alfajiri huku mtu ameinama ndani akitafuta hitilafu.

Je, jenereta? Kwa kazi ya usiku haikuokoi. Inachukua sekunde kadhaa kuamka, na sekunde hizo zinatosha kisu kukwama ndani ya chuma. UPS (betri ya akiba) kubwa ya kubeba spindo ni ghali mno kwa karakana ya kiwango chetu. Mimi nimeweka UPS ndogo kwa ruta, kamera na kifaa cha kutuma ujumbe peke yake, nikakubali kwamba stima ikipotea kazi imeishia hapo. Programu nimeiandika kila pini ianze kutoka mahali salama, ili asubuhi niitupe ile moja iliyokatizwa na kuendelea na inayofuata.

Waya wa mtandao unaotoka jengo moja hadi jingine nao hubeba radi hadi kwenye kontrola. Tumia Wi-Fi kati ya majengo.

Hatua ya sita: moto

Usikate kwa mafuta matupu bila mtu. Moshi wa mafuta ndani ya mashine iliyofungwa, pamoja na tipu iliyomeguka inayosugua hadi kuwa nyekundu, ni moto unaosubiri nafasi. Tumia maji yenye dawa. Magnesi na titani usizikate usiku kabisa. Matambara yenye mafuta yatoke nje kila jioni kwenye pipa la chuma lenye kifuniko.

Funga kihisi cha moshi juu ya mashine na, ukiweza, kizima-moto cha ndani ya mashine kinachofyatuka chenyewe kwa joto. Kikiwa cha kaboni dayoksaidi, yeyote anayeingia asubuhi afungue milango kwanza na asubiri hewa ibadilike. Halafu mpigie wakala wako wa bima umuulize waziwazi kama sera yako inalipa mashine ikiungua bila mtu karibu. Pata jibu kwa maandishi.

Hatua ya saba: macho na masikio

Sasa ndipo tunafika kwenye simu, ambako wengi hutaka kuanzia.

Anza na taa za mashine yenyewe. Lethi nyingi zina mnara wa taa: kijani inakata, njano inasubiri, nyekundu alamu. Taa hizo hutumia volti 24. Kifaa kidogo kama ESP32, kikitenganishwa na volti hizo kwa optokapla (kipande kinachopitisha ishara kwa mwanga), kinaweza kuzisoma na kukuambia hali ya mashine. Kwa mashine isiyo na taa, funga kihisi cha kubana kwenye waya wa mota ya spindo. Mkondo wa umeme wenyewe utakuonyesha inakata au imelala. Mashine za karibuni hutoa habari zaidi kupitia MTConnect, utaratibu wa wazi uliotoka 2008 ambao husoma tu hali ya mashine. Ukiwa nao utumie, ukiukosa usihuzunike.

Ujumbe upite kwa laini ya simu, si kwa intaneti pekee, maana ruta ya mtaani hufa na stima. Na uwe mchache. Mimi hupokea aina nne tu: alamu, stima imepotea, moshi, na kazi imekwisha. Nilipoanza nilijitumia ujumbe kwa kila pini. Baada ya siku tatu nilikuwa nimeacha kusoma, na ujumbe usiosomwa hauna kazi.

Liko jambo la ndani zaidi. Kifaa chenyewe kikifa, hakitakuambia kimekufa. Kwa hiyo kitume pigo kila dakika 10 kwa kompyuta iliyo mahali pengine, nyumbani kwako kwa mfano, na kompyuta hiyo ndiyo ikuite ikipitiwa na mapigo mawili bila kusikia kitu. Ukimya uhesabiwe kuwa habari.

Kamera iwekwe nje ya kioo cha mlango, kwa kuwa ndani hufunikwa na maji kwa saa moja. Itumie kutazama tu. Usiwashe mashine kutoka mbali, hata kama programu inakuruhusu, na usiiweke kontrola yako wazi kwenye intaneti. Ukitaka kuifikia kutoka nyumbani pitia VPN (njia ya mtandao iliyofichwa), na neno la siri lililokuja na kifaa libadilishwe siku ile ile.

Hatua ya nane: watu

Mashine haina mtu, lakini karakana ina soja, yaani mlinzi. Kaa naye. Mwonyeshe kitufe chekundu na swichi kuu, umwambie ana ruhusa ya kuvibonyeza akiona moshi au akisikia sauti asiyoipenda, na kwamba hatalaumiwa hata akikosea. Kuwasha tena si kazi yake. Kufungua mlango wa mashine pia si kazi yake. Bandika ukutani namba ya mtu wa zamu, ya zima-moto wa kaunti, na 97771 ya Kenya Power.

Na mafundi wako waambie mapema. Vijana wakiona lethi inakata peke yake huanza kujiuliza kama mwezi ujao watakuwa na kazi. Kwangu, kijana aliyekuwa akikata pini kutwa sasa ndiye anayepanga tipu, anayeandika programu na anayekata vipuri vigumu vya mashine za posho ambavyo zamani tulikuwa tukivikataa kwa kukosa nafasi. Hilo nililisema kabla ya kufunga kilishio, mbele ya wote, na ninalitekeleza.

Sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inataka eneo la kazi lisajiliwe na DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini. Kama hujasajili, fanya hivyo kabla ya usiku wa kwanza.

Hatua ya tisa: jaribio la chai, kisha usiku

Usiruke kutoka mchana hadi usiku mzima. Wiki ya kwanza, washa kazi, toka nje, unywe chai mahali unapoisikia mashine, nusu saa bila kuigusa. Ukilazimika kuingia hata mara moja, andika sababu, itengeneze, na uanze kuhesabu upya. Ukipata siku kumi safi, nenda saa mbili za jioni ukiwa bado ofisini. Siku kumi nyingine safi, acha fimbo moja ukienda nyumbani. Halafu tatu. Mimi nilifika asubuhi katika mwezi wa tano tangu nianze.

Katika kila ngazi, izushie mashine balaa mwenyewe. Chomoa stima. Legeza boya. Weka tipu iliyomeguka kwa makusudi, tena kwa pini moja tu na wewe ukiwa pale. Kinga ambayo hujawahi kuiona ikifanya kazi usiihesabu.

Pini zisidondoke ovyo sandukuni. Tengeneza sahani inayozunguka yenye vyumba, kila chumba pini 20 zikikaa kwa foleni, ili ujue ipi ilitangulia ipi. Asubuhi, kabla ya kubonyeza chochote, soma kihesabio na ujumbe wa alamu, kisha pima pini ya mwisho. Ikiwa nzima, pima moja kutoka kila chumba uendelee na kazi zako. Ikiwa mbovu, pima ya katikati, halafu katikati ya nusu yenye mashaka, na kuendelea hivyo. Katika pini 160 huhitaji kupima zaidi ya nane nyingine kupata mahali ilipoharibikia. Weka alama hapo kwa chaki, chunguza tipu iliyokuwa zamu wakati huo, andika kwenye daftari, ndipo ufagie maranda, upime maji na upange fimbo za jioni.